Mashine ya Kukamuliwa Mara Mbili

Haya ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na asiyeamini apande mpaka Chaka akawaulize wenyewe. Mzee Mbogo anaapa kwa meno yake yote, haya aliyo nayo na yale aliyoyaacha Embu ujanani. Yeye aliendesha lori la maziwa la ushirika mpaka wakampa blanketi na barua ya kustaafu, na tangu hapo hana kazi ila kukaa kwenye benchi na kusimulia. Kama kuna mahali amepunguza, amepunguza kwa huruma. Kuongeza, hajaongeza hata chembe.

Ushirika huo wa wafugaji una ofisi nyuma ya soko la Chaka, na ofisi ina madirisha manne ya kuhudumia wakulima. Dirisha la pili lilikuwa la Wacera. Ungeweza kukuta madirisha mengine hayana mtu na bado watu wamepanga foleni kwake, kwa sababu aliwajua ng'ombe wa watu kwa majina, na hakumwambia mtu asubiri bila kumweleza anasubiri nini. Mumewe, Kinyua, alikuwa fundi wa kompyuta mjini Nyeri, fundi asiye na ofisi, begi lake mgongoni. Waliishi Skuta, mtaa wa Nyeri, vyumba viwili, wao na binti yao Lynn. Kazi za Kinyua zilikuja kama mvua ya huku Kieni, leo ipo na kesho hujui. Mshahara wa dirisha la pili ndio uliolipa kodi ya nyumba.

Basi kamati ilipoamua kununua seva, mashine moja ya kuhudumia madirisha yote na pia kupiga hesabu ya maziwa ya mwezi mzima, ilihitaji mtu wa kuwapimia ukubwa wake. Wacera alilitaja jina la mumewe akiwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Si huyo ni bwana yako?" akauliza Ndungu, mwenyekiti.

"Ni yeye, mwenyekiti. Lakini ni fundi kweli."

"Sijakataa. Akiharibu, angalau tunajua mahali analala." Wanakamati wakacheka, na Wacera akacheka nao. "Na wewe ndiye utamwelezea vile tunafanya kazi hapa. Sisi hatuna muda ya kufundisha mtu maziwa."

Wacera akajibu sawa. Siku hiyo alirudi Skuta na nusu kilo ya nyama.

*

Kinyua alikuja akaketi nyuma ya mkewe, kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi akipima muda. Alitaka kujua mkulima mmoja anachukua muda gani, karani anabonyeza mara ngapi, siku yenye watu wengi ni ipi. Wakulima walidhani ni mkaguzi, wakawa wapole kupita kiasi.

"Huyu wa nyuma anaandika nini?" akanong'ona mmoja.

"Anapima vile mnaongea mingi," Wacera akasema, na foleni yote ikacheka.

Jioni ile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka. Alipenda kumwona mumewe akiwa na jambo la kufikiria. Kinyua aliweka laptopu mezani kando ya sahani ya githeri na kumweleza, kijiko kikitumika kama fimbo ya mwalimu.

"Sikiza, mama Lynn. Hii seva ni kama ng'ombe mmoja anatakiwa kukamuliwa mara mbili. Mchana, nyinyi wa madirisha mnachukua kikombe kikombe, na kila mtu anataka chake sasa hivi. Mkulima hawezi kungoja. Halafu mwisho wa mwezi kuna ile hesabu ya jumla. Maziwa ya kila mtu, toa chakula ya ng'ombe, toa daktari, toa mkopo. Hiyo ni ndoo nzima. Inakula prosesa, inakula memori, diski haipumui, lakini haina haraka. Sasa, nikipanga zote zifanyike wakati mmoja, nitahitaji mashine kubwa mpaka Ndungu azimie. Lakini ndoo ikikamuliwa usiku, mashine ya kati inatosha kabisa. Hata inabaki nafasi ya kukua."

"Lakini usiku stima inazimwa," Wacera akasema.

Ilikuwa kweli. Tangu stoo ya chakula cha ng'ombe iungue kwa sababu ya waya mbovu, Ndungu alikuwa ametoa amri kwamba mtu wa mwisho kutoka ashushe swichi kubwa ya ofisi. Hakuna balbu iliyosazwa, hata ya choo. Kila mtu pale aliizoea amri hiyo kama kuvua viatu kabla ya kulala.

"Mm," akasema Kinyua, macho kwenye laptopu.

"Mara mingi ni mimi huishusha. Ofisi yote inakuwa giza."

"Seva haizimwi, Wacera. Hiyo ni kitu dunia nzima inajua. Nipatie chumvi."

Akampa chumvi. Alidhani amesikia. Alidhani lile jambo la stima limeingia mahali pake katikati ya namba zile zote, kwa sababu yeye si ndiye fundi?

*

Kamati iliipenda kazi ya Kinyua kwa sababu ilikuwa fupi. Muuzaji mmoja wa mjini Nyeri alikuwa amewaonyesha mashine tatu, ndogo ya kuwekwa chini ya meza, ya kati, na moja kubwa kama jokofu la mochari. Ndungu alitaka ile ndogo. Kinyua akasimama akaitetea ile ya kati kama wakili, akawaambia ndogo itawaaibisha mbele ya wakulima na kubwa itawafilisi bure. Mahali fulani katikati ya karatasi zake palikuwa na sentensi moja iliyosema hesabu ya jumla itafanyika usiku. Ndungu alifungua ukurasa wa mwisho, penye bei, akafunga.

"Huyu kijana ametuokolea pesa," akasema.

Mashine ikaletwa Desemba, ikawekwa katika chumba kilichokuwa cha mafagio. Kinyua akaifunga mchana, akaijaribu mchana, madirisha yakaitika kwa mwendo wa kupendeza, akala wali wa ushirika, akaenda. Na jioni Wacera, kama alivyoagizwa, akaizima mashine vizuri, kisha akashusha swichi.

*

Ikafika wiki ya kufungua shule. Nani hajui Januari? Kila mzazi wa Kieni alitaka pesa yake ya maziwa kabla mtoto hajaondoka na sanduku. Wacera alifungua ofisi umande ukiwa bado majanini, akapandisha swichi, akaiwasha seva, akakuta hesabu ya mwezi haijaguswa. Ilikuwa imeambiwa ianze usiku, na usiku mashine ilikuwa imekufa kama jiwe.

"Si uianzishe sasa?" akasema Ndungu akitazama foleni dirishani. "Ni kubonyeza tu."

Akabonyeza. Mlango ukafunguliwa.

Hapa ndipo watu hudhani Mzee Mbogo anaongeza, lakini foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka choo, ikafika barabara ya Nanyuki, na magari yakasimama yakidhani ni maandamano. Na mashine ikapata joto mpaka paka wa stoo akaingia katika chumba cha mafagio akalala juu yake.

Wacera aliandika namba ya mkulima wa kwanza. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka. Akabonyeza tena, na kila alipobonyeza alikuwa akiiongezea mzigo mashine iliyokwisha kulemewa, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Wa kwanza huyo alikuwa Nyawira, mwanamke mzee mwenye ng'ombe mmoja.

"Wacera, mwanangu. Ni jina yangu imepotea?"

"Haijapotea, cucu. Mashine inafikiria."

"Inafikiria nini? Mimi sikufikiria, nilikamua tu."

Watu wakacheka, na kwa muda kicheko kikasaidia. Kisha hakikusaidia tena. Kutoka nyuma sauti zikaanza.

"Wakati wa kalamu tulikuwa tunalipwa kabla chai ipoe!"

"Ati seva! Wamekula maziwa yetu wakatuletea sanduku."

"Si ni bwana ya huyo wa dirisha ya pili alileta? Muulizeni, wanakula nyama siku hizi."

Wacera akahisi masikio yanawaka. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Ndungu akaja mbio. "Simamisha hesabu!" Ikasimamishwa, na papo hapo madirisha yakafufuka, jina la mkulima likatokea kabla hujainua kidole. Lakini likatokea bila pesa, kwa sababu hesabu haikuwa imemalizika. "Basi anzisha hesabu!" Ikaanzishwa, na madirisha yakafa. Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda, kama mtu mwenye blanketi fupi, akifunika kichwa miguu iko nje.

Nyawira hakuondoka dirishani. Mwishowe aliinama, akainua mtungi wake mtupu wa maziwa na kuuweka juu ya kaunta, taratibu.

"Basi nirudishieni maziwa yangu," akasema. "Mjukuu ananingoja kwa steji ya magari na sanduku. Nitampeleka nayo shuleni, labda mwalimu atachukua."

Hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika, Wacera angeweza kuvumilia.

*

Kinyua aliingia akihema, begi mgongoni, akapita katikati ya watu wanaomsonya. Katika chumba cha mafagio alimwondoa paka, akafungua laptopu, na baada ya kutazama kidogo mabega yake yakashuka. Wacera alikuwa amemfuata. Akafunga mlango.

"Memori imejaa, diski haipati nafasi," akasema Kinyua. "Hii hesabu si ya mchana! Kwa nini haikufanyika usiku?"

"Usiku stima inazimwa."

"Nani anazima?"

"Mimi. Kila siku. Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Ukila githeri. Ukasema dunia nzima inajua. Ukaitisha chumvi."

Kinyua akamtazama. Akakumbuka, Wacera aliona wazi kabisa kwamba amekumbuka, kwa sababu alikimbiza macho yake kwenye nyaya.

"Baba Lynn, ulidhani watafanya aje?"

"Nilidhani wakiona seva wataacha tu. Nani ananunua seva halafu anazima stima?"

"Watu wa Chaka," akasema Wacera.

*

Kamati ilikutana mchana uleule. Mzee Mbogo alikuwa pale kama mwanachama, na hakuna aliyemfukuza. Wacera alisimama karibu na mlango. Nje watu walikuwa bado wanapiga kelele.

"Mimi nataka kitu moja," Ndungu akasema. "Hii mashine tumenunua ndogo, ama kuna kitu nyingine? Kwa sababu kama ni ndogo, kijana, utairudisha ukiibeba kwa mgongo."

Kinyua akasimama. Alieleza vizuri, sauti yake ikiwa imara, kwamba mashine si ndogo, kwamba alipima kazi ya mchana peke yake na ya usiku peke yake, na kwamba zote mbili zinatoshea ikiwa kila moja ina saa zake. Tatizo ni stima kuzimwa.

"Sasa hukujua tunazima stima?"

Wacera alimtazama mumewe shingoni, mahali nywele zilipohitaji kinyozi. Alimngoja. Hakuwa na wasiwasi sana. Aliwaza kwamba atasema aliambiwa akapuuza, watamgombeza, watamkata malipo kidogo, na yataisha.

"Hapana, mwenyekiti," akasema Kinyua. "Sikuambiwa."

Ndungu akageuka pole pole. "Na nani alikuwa wa kumwambia?"

Macho yote yakamgeukia Wacera, kwa kuwa wote walijua. Wacera angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini angeyasema vipi? Aseme mbele ya kamati kwamba mumewe ni mwongo, ili ushirika wowote wa milimani usimpe tena hata kazi ya kubadilisha panya ya kompyuta? Na nani angeamini mambo yaliyosemwa juu ya sahani ya githeri? Akaona bora angoje kidogo tena, huenda Kinyua ataongeza neno. Kinyua akaketi.

"Wacera," akasema Ndungu, na hata yeye hakuwa na furaha, "si ulipewa hiyo kazi ukiwa umesimama hapo tu? Nje kuna watu wanataka mtu. Mimi nitawaambia nini? Pumzika kwanza. Tutakuita."

Wacera akavua aproni yake ya bluu yenye jina la ushirika, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Alipopita mbele ya foleni mtu mmoja akapiga makofi.

*

Skuta, Kinyua ndiye aliyepika. Alipika ugali, akakaanga mayai, akamwita Lynn anawe mikono, akafanya yote kwa haraka na kwa adabu kama mgeni. Mtoto alipoingia chumbani, Kinyua alisema, "Ningesema nini, Wacera?"

"Ungesema uliambiwa."

"Jina yangu ingeisha. Fundi ana nini kama si jina? Wewe watakuita. Ndungu anakupenda, watu wanakupenda."

"Wamenipigia makofi, baba Lynn."

"Nikipata nafasi nitasema. Naapa. Mambo ikitulia."

"Si hapo ndipo ilikuwa nafasi?"

Akaanza kuondoa sahani. Wacera akamwambia aziache, akaziosha mwenyewe, kwa sababu hakutaka kumwona akifanya kitu kizuri wakati ule.

*

Kumbe lilihitajika jambo dogo tu. Fundi wa stima alikuja akatenganisha waya wa chumba cha mafagio na swichi kubwa, na jioni ofisi ikawa giza kama Ndungu alivyopenda, huku seva ikiendelea kunguruma peke yake. Mwezi uliofuata hesabu ilifanyika watu wamelala, na asubuhi madirisha yakafunguka mepesi. Nyawira alilipwa kabla hajamaliza kusalimia. Mashine ile ilikuwa saizi yake kabisa tangu mwanzo. Kinyua alikuwa amepima vizuri.

Kwenye dirisha la pili aliwekwa msichana mwingine, mwenye kucha ndefu. Wacera hakuitwa. Alipouliza, aliambiwa wakulima bado wana uchungu, angoje. Alingoja mpaka Lynn akafukuzwa shule kwa ajili ya karo, kisha akaacha kungoja.

Na sasa Mzee Mbogo hufika, katika kusimulia, kwenye mkutano mkuu wa wanachama, na hapo sauti yake hupanda. Ndungu aliisifu mashine mbele ya watu wote, akamwita Kinyua, akampa maikrofoni. Na Kinyua akaishika kwa mikono miwili, akasema: "Msinipigie makofi. Mke wangu aliniambia juu ya stima, mimi ndiye sikusikia. Kisha nikasema sikuambiwa." Watu wakanyamaza mpaka ukasikia ng'ombe wakicheua huko Naro Moru! Ndungu akavua kofia. Nyawira akapiga kigelegele. Wakamtafuta Wacera, wakambeba juu juu kama bibi harusi, wakamrudisha kwenye dirisha la pili, na ile aproni ya bluu—

"Mzee Mbogo."

Benchi lote likageuka. Aliyeita alikuwa amesimama nyuma yao, birika la chai mkononi, leso kiunoni. Kibanda kile kilicho kando ya soko la Chaka, na benchi lile, na chai ile waliyokuwa wakinywa, vyote ni vya Wacera.

"Hiyo ya mwisho umetoa wapi?"

"Nilikuwa huko, mama Lynn. Nilikaa mbele."

"Na mimi nilikuwa mlangoni. Alishika maikrofoni akasema asanteni. Akasema mashine ikitunzwa itawafikisha mbali. Akakaa." Akamjazia kikombe mtu aliye karibu, bila kumwaga hata tone. "Akaniona, lakini. Hiyo ungeweka."

Watu wa benchi wakatazama vikombe vyao.

"Na paka?" mmoja akauliza kwa sauti ya chini.

"Paka ni ukweli."

Mzee Mbogo akajikuna kidevu. "Niliona mwisho wake ni mchungu. Nikaweka sukari kidogo."

"Sukari iko hapa kwangu na inalipiwa. Umewakalisha watu asubuhi mzima na uongo. Lipia benchi yote."

"Wote?"

"Na huyo amesimama pia. Alikuwa anasikiza."

Pakawa na vicheko na makofi ya mapajani, na Mzee Mbogo akaanza kupekua makoti yake mawili, la nje na la ndani, akitoa noti zilizokunjwa kama tumbako. Wacera akazipokea, akazitia mfukoni, lakini hakuondoka. Alisimama akifuta mdomo wa birika kwa ncha ya leso.

"Alisema nini tena?" akauliza. "Kwa hiyo hadithi yako."

Mzee Mbogo akamtazama kama anatania, akaona hatanii.

"Alisema, mke wangu aliniambia juu ya stima. Mimi ndiye sikusikia."

Wacera akasikiliza, kichwa kikiwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiza gari likija kutoka mbali. Kisha akanyoosha mkono.

"Na mandazi," akasema. "Ulikula mbili."

Mzee Mbogo akalipa.